Ruta moja, ripita, meshi au kebo: ipi itaifikisha Wi-Fi chumba cha mwisho?

Simu inaonyesha mistari yote ya Wi-Fi imejaa, lakini video haifunguki, kiduara kinazunguka tu. Ukirudi sebuleni ilipo ruta, mambo yanakwenda. Ukiingia chumba cha mwisho, mtandao unaanza tena kusuasua. Mtu akifikia hapo huwa keshachoka na anataka kununua kitu, na akianza kutafuta anakutana na tiba nne za ugonjwa huohuo: ruta yenye nguvu zaidi, ripita ya kuchomeka ukutani, seti ya meshi yenye visanduku viwili au vitatu vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, au kuvuta kebo hadi kwenye vituo vya Wi-Fi.

Nimezifunga zote nne katika nyumba za kila aina, na nyingine nimelazimika kuzifungua tena baada ya kuona hazikufaa. Jambo moja limejirudia kila mahali: wingi wa visanduku hauamui kasi. Kinachoamua ni njia ambayo data inapita kutoka kwenye kisanduku kilicho karibu nawe hadi kwenye ruta kuu. Mistari ya kwenye simu inakueleza tu jinsi simu inavyosikilizana na kisanduku cha karibu. Safari inayofuata haiijui. Hiyo safari ya pili nitaiita njia ya nyuma, na ndiyo nitakayoanza nayo katika kila chaguo.

## Kabla ya kuchagua, pima

Vipimo vitatu vinatosha, na vyote havimalizi nusu saa.

Kwanza, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi ya kompyuta, kisha pima kasi. Hiyo ndiyo intaneti inayoingia nyumbani. Rudia jioni, wakati watu wengi wako mtandaoni. Pili, chomoa kebo, washa Wi-Fi, simama mita mbili kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati, upime tena. Tatu, nenda chumba kinachokusumbua ukapime hapohapo unapokaa, si mlangoni.

Kipimo cha kwanza kikiwa chini sana ya kifurushi unacholipia, tatizo liko kwenye laini, kwenye modemu (kifaa kinachopokea laini ya intaneti) au kwenye kebo, na hakuna meshi itakayoongeza kisichoingia. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kibaya, angalia mipangilio ya ruta au umri wa kifaa chako. Vyote viwili vikiwa vizuri na cha tatu kibaya, hapo umbali na kuta ndio wenye kosa, na ulinganisho huu ni wako.

Nasisitiza kupima kwa sababu niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa tayari kununua visanduku vitatu. Kifurushi chake kilikuwa cha megabiti 300 kwa sekunde. Nilipochomeka kompyuta kwenye ruta nikapata 94. Nikarudia, 94. Namba hiyo ukiizoea hukushtua: ndiyo kasi halisi inayobaki kwenye kiungo cha kebo cha megabiti 100. Nikaangalia kebo fupi kati ya modemu na ruta. Uzi mmoja ulikuwa umekatika ndani ya kichwa cha plastiki, pale inapokunjwa nyuma ya kabati. Kiungo cha gigabiti kinahitaji jozi zote nne za nyaya. Cha megabiti 100 kinatosheka na jozi mbili, kwa hiyo vifaa vilijishusha vyenyewe kimyakimya na taa zikaendelea kuwaka kama kawaida. Kebo isiyofika hata mita moja ndiyo iliyotibu.

Angalia pia vizio. Vifurushi huuzwa kwa megabiti, faili huonyeshwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Mwenye megabiti 100 akiona faili linashuka kwa megabaiti 12 kwa sekunde, anapata haki yake yote. Na ujue unahitaji nini: Netflix wanapendekeza megabiti 15 kwa video ya 4K na 5 kwa ya 1080p. Chumba kinachopata megabiti 40 bila kuyumba hakina ugonjwa, hata kama sebuleni zinapatikana 400.

Nguvu ya mawimbi yenyewe hupimwa kwa dBm, na programu za bure za kuchunguza Wi-Fi huionyesha. Namba ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa video na maongezi, -80 ni ya kubahatisha. Kila ikishuka kwa 3, nguvu imepungua kwa nusu.

## Vigezo vya ulinganisho

Nitavipima vyote kwa mambo manne baada ya njia ya nyuma: kasi na utulivu katika chumba cha mbali, kuhama (yaani kutembea nyumbani ukiwa kwenye simu ya video bila kukatika), kazi ya kufunga pamoja na gharama, na mtu ambaye chaguo hilo linamfaa. Utulivu naupa uzito kuliko watu wengi wanavyoupa. Megabiti 50 zisizoyumba ni bora kuliko 200 zinazopotea kila baada ya dakika tatu.

Kuta pia zina kauli yao. Bendi ya 2.4 GHz (bendi ni kundi la masafa ya redio) inafika mbali na kupenya, lakini imejaa: kuna chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na Bluetooth pamoja na oveni ya mikrowevu viko kwenye masafa hayohayo. Bendi ya 5 GHz ina kasi na nafasi, ila kila ukuta unaikata. Bendi ya 6 GHz, iliyofunguliwa kwa Wi-Fi nchini Marekani mwaka 2020 na Ulaya mwaka 2021, ni tulivu zaidi na hufika karibu zaidi, na inahitaji simu au kompyuta ya Wi-Fi 6E au 7. Ukuta wa mbao mawimbi hupita. Zege lenye nondo, kioo kikubwa cha kujitazamia, friji na tangi la samaki ni maadui wa kweli.

## Kubaki na ruta moja

Njia ya nyuma. Haipo. Simu inazungumza na ruta moja kwa moja, na hiyo ndiyo nguvu kubwa ya chaguo hili.

Kasi na utulivu. Vyumba vya karibu vinapata kasi bora kuliko katika chaguo lolote la visanduku vingi visivyo na kebo. Ya mbali inategemea ulipoiweka ruta. Nyingi zimewekwa kwenye kona kwa sababu laini inaingilia hapo, kwa hiyo nusu ya mawimbi yanahudumia uwanja na jirani. Kebo ndefu kidogo kutoka kwenye modemu, ruta ikasogea katikati ya nyumba na kuinuliwa juu ya rafu, huweza kumaliza kesi nzima. Itoe nyuma ya televisheni na ndani ya makabati ya chuma. Antena iliyosimama inatawanya mawimbi ubavuni, si kichwani. Nyumba ikiwa na ghorofa, ilaze antena moja.

Tahadhari yangu ni kwenye ruta za antena nane zinazosifiwa kwa kufika mbali. Mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta inaweza kupaza sauti hadi chumba cha mwisho, lakini simu ina antena ndogo na betri ya kutunza, nayo inajibu kwa sauti ya chini. Hapo ndipo unapoona mistari imejaa na ujumbe hauendi.

Kuhama. Hakuna pa kuhamia, kwa hiyo hakuna kukatika.

Kazi na gharama. Kusogeza ni bure. Ruta mpya ni kitu kimoja cha kununua na kimoja cha kusimamia.

Inamfaa mwenye nyumba ndogo au yenye nafasi wazi, na yeyote ambaye ruta yake iko kona na hajawahi kuisogeza. Ikiwa kuna kuta mbili za zege kati yako na ruta, usiipoteze wiki nzima ukigeuza antena.

## Ripita

Njia ya nyuma. Ni Wi-Fi ileile. Ripita inasikiliza ruta, kisha inarudia ilichosikia. Zile za redio moja hufanya yote mawili kwenye chaneli moja, kwa zamu, kwa hiyo kasi inakatika takriban nusu papo hapo. Za bendi mbili huweza kupokea kwa 5 GHz na kutoa kwa 2.4 GHz, na hasara inapungua.

Kasi na utulivu. Hutegemea mahali ilipo, na hapa ndipo watu wengi wanakosea: wanaichomeka ndani ya chumba kisichoshika. Ukiiweka palipo kimya, itarudia ukimya. Iweke nusu ya njia, mahali ambapo Wi-Fi ya ruta bado ina nguvu.

Kuhama. Ni udhaifu wake. Nyingi huanzisha jina jipya la mtandao, na hata zikitumia jina moja, simu hung'ang'ania kituo cha zamani hadi mawimbi yafe kabisa. Ukiwa kwenye maongezi huku unatembea, tegemea kukatika.

Kazi na gharama. Ni dakika tano, na ni nafuu kuliko njia nyingine zote za kuongeza kisanduku. Hufanya kazi na ruta ya karibu kampuni yoyote.

Inamfaa mtu mwenye chumba kimoja sugu chenye matumizi mepesi: printa, spika, kusoma habari kitandani. Inamfaa pia aliyepanga na atahama karibuni. Ripita husemwa vibaya kuliko inavyostahili. Kwa kazi hiyo ndogo, inatosha.

## Meshi isiyo na kebo

Hapa unanunua seti: kituo kikuu kinachochomekwa kwenye modemu, na kimoja au viwili vinavyosambazwa nyumbani, vyote vikiwa na jina moja na nywila moja. Kanuni ya kiufundi ya meshi, 802.11s, iliidhinishwa mwaka 2011, lakini seti za nyumbani zilianza kuvuma mwaka 2016 kwa kina eero, Google Wifi na Netgear Orbi. Mwaka 2018 Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni unaovipa cheti vifaa vya Wi-Fi, ilitoa EasyMesh ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kuungana. Hata hivyo, kampuni nyingi bado zinatumia lugha yao ya ndani, kwa hiyo usinunue kituo cha kampuni nyingine ukitumaini vitaelewana.

Njia ya nyuma. Ni hewa, na ndiyo sababu seti mbili zenye sura moja huachana mbali kwa kasi. Meshi ya bendi mbili inatumia redio moja kuhudumia simu zako na kuzungumza na kituo kikuu, kwa hiyo inagawana muda kama ripita, ingawa kwa akili zaidi. Meshi ya bendi tatu huweza kutenga redio nzima kwa ajili ya njia ya nyuma. Zile za Wi-Fi 7, ambayo vifaa vyake vilianza kupewa cheti Januari 2024, zinaweza kuunganisha bendi zaidi ya moja kwa wakati mmoja kati ya kituo na kituo, na hiyo inaleta utulivu hata kama simu zako ni za zamani.

Idadi ya miruko nayo ina hesabu yake. Kituo cha pili kikizungumza na kikuu moja kwa moja, huo ni mruko mmoja. Cha tatu kikipitia cha pili, ni miruko miwili, na kila mruko unachukua sehemu yake. Mimi huweka kituo kikuu katikati na vingine pembeni, kama mkono na vidole, badala ya kuvipanga mstari mmoja kwenye korido.

Kasi na utulivu. Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu seti nzuri huharibiwa na kuwekwa vibaya. Kabla ya kukichomeka kituo kidogo, nasimama mahali ninapotaka kikae, nikiwa na simu iliyounganishwa na kituo kikuu peke yake, na napima. Nikiona -65 au bora, na kasi haijashuka chini ya nusu ya ile ya karibu na ruta, nakiweka hapo. Isipofika, narudi hatua tatu nipime tena. Chumba kinachokusumbua si lazima kituo kikae ndani yake. Kikae mahali kinaposikia vizuri na kusikika vizuri.

Katika nyumba moja, kituo cha pili kilitoa megabiti 40 hata niliposimama kando yake kabisa. Kilikuwa kwenye rafu nzuri, juu, hewa ya kutosha. Nikageuka kutazama upande wa ruta nikajiona mwenyewe: kulikuwa na kabati la nguo lenye mlango wa kioo, na kioo kina utando wa chuma mgongoni. Nikakisogeza kituo hadi ncha nyingine ya rafu, urefu wa mkono mmoja tu, kikaanza kuitazama ruta kupitia mlango ulio wazi. Kikatoa 170.

Usizidishe vituo. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji vinne; vinagombania hewa ileile, na simu inashindwa kuamua ishike kipi.

Kuhama. Ni sifa yake kubwa. Mifumo mizuri hutumia kanuni tatu: 802.11k inayoipa simu orodha ya vituo jirani, 802.11v inayoishauri ihame, na 802.11r inayofupisha kubadilishana funguo wakati wa kuhama. Lakini uamuzi wa mwisho ni wa simu, na baadhi ya vifaa vya zamani hugoma kuunganika kabisa 802.11r ikiwashwa. Printa ya zamani ikipotea siku uliyofunga meshi, anzia hapo.

Kazi na gharama. Kufunga kwa programu ya simu ni saa moja au mbili, bila kutoboa ukuta. Bei iko juu ya ripita kwa mbali, na za bendi tatu zimepanda zaidi. Baadhi zinadai ufungue akaunti kwa kampuni, na vipengele kama udhibiti wa watoto huweza kutozwa kila mwezi. Soma hilo kabla ya kulipa.

Inamfaa familia yenye vifaa vingi katika nyumba pana au ya ghorofa, ambako kebo haiwezi kupita, na watu wanaotembea huku wanaongea kwa video. Haimfai sana anayehitaji kasi yote ya kifurushi kwenye chumba cha mbali.

## Vituo vilivyounganishwa kwa kebo

Njia ya nyuma. Ni kebo ya Ethernet, hadi mita 100 kwa kipande. Kebo ya daraja la Cat5e inabeba gigabiti 1 bila jasho. Cat6 inabeba hadi gigabiti 10 kwa umbali wa mita 55. Hewa yote inabaki kwa ajili ya simu na kompyuta zako.

Kasi na utulivu. Hakuna kinachoifikia. Kituo cha mbali kinatoa karibu sawa na kilicho kando ya modemu, na unakiweka pale watu wanapokaa, si pale mawimbi yanapokubali. Seti nyingi za meshi zina matundu ya kebo, kwa hiyo unaweza kuanza bila kebo na kuiongeza baadaye.

Kuhama. Ukitumia mfumo mmoja, ni kama meshi. Ukitumia vituo vya kampuni tofauti, vipe jina moja, nywila moja na chaneli tofauti. Simu nyingi zitahama, kwa mshtuko kidogo.

Kazi na gharama. Hapa ndipo penye jasho: kutoboa, kupitisha kwenye mabomba, kufunga vichwa vya kebo. Vifaa vyenyewe si ghali lazima, na baadhi ya vituo hupata umeme kupitia kebo hiyohiyo. Kebo nunua ya shaba tupu. Zipo za alumini iliyopakwa shaba ambazo ni rahisi kukatika na hupata joto zikibebeshwa umeme. Baada ya kufunga, usiache kituo kimeunganishwa kwa kebo mbili zinazorudi sehemu moja. Data inaweza kuzunguka bila mwisho na mtandao mzima ukaganda.

Inamfaa anayefanyia kazi nyumbani, anayecheza michezo ya mtandaoni, mwenye kuta nene, na mwenye nyumba yake mwenyewe.

Kuna njia mbili za kando. Nyumba yenye kebo ya koaksi ya televisheni inaweza kutumia adapta za MoCA, zinazopitisha data ya mtandao kwenye kebo hiyo. Toleo la 2.5 hubeba hadi gigabiti 2.5 na ni mbadala wa kweli wa Ethernet. Adapta zinazopitisha data kwenye nyaya za umeme ni bahati nasibu: zinategemea umri wa nyaya na kama soketi mbili ziko kwenye saketi moja. Zichomeke ukutani moja kwa moja, kamwe si kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, na usiamini namba ya kwenye boksi.

## Umefunga, na bado inasuasua

Pima ukiwa kando ya kituo kikuu, kisha kando ya kituo kidogo. Kikuu kikiwa kizuri na kidogo kibaya, ni njia ya nyuma, sogeza kituo. Vyote vikiwa vizuri na kifaa kimoja tu kibaya, ni kifaa hicho, au VPN uliyosahau kuizima.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni ruta ya zamani, ile iliyokuja na laini, kuachwa ikirusha Wi-Fi yake kando ya meshi mpya. Zinagombana, na nusu ya vifaa vimebaki kwenye ya zamani. Izime Wi-Fi yake. Na kwa kuwa sasa una ruta mbili mfululizo, michezo inaweza kugoma na vifaa vikashindwa kuonana. Iweke ya kwanza ipitishe data tu bila kufanya kazi ya ruta, au iweke meshi kwenye hali ya kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Chagua moja, ila ujue katika hali ya pili baadhi ya vipengele vya programu ya meshi hupotea.

Kasi ikigoma kuvuka megabiti 54 kwenye Wi-Fi, tazama usalama. WEP na TKIP, njia za zamani za kuficha data ya Wi-Fi, haziruhusu kasi za kisasa. Weka WPA2 yenye AES au WPA3. Kwenye 2.4 GHz weka upana wa chaneli 20 MHz, kwenye 5 GHz 80 MHz.

Wi-Fi ya 5 GHz ikitoweka kwa dakika nzima kisha ikarudi, huenda uko kwenye chaneli zinazotumiwa pia na rada. Ruta ikihisi rada inalazimika kuondoka, na kabla ya kuingia chaneli nyingine ya aina hiyo husikiliza kwa sekunde 60 au zaidi. Chagua chaneli kati ya 36 na 48.

Na kama kasi ni nzuri lakini maongezi yanakwama kila mtu mmoja anapopakia picha, pima pingi (muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde) wakati wa kupakia. Ikipanda kutoka 20 hadi mamia, data inapanga foleni ndefu ndani ya ruta au modemu. Tafuta ruta yenye SQM, yaani kipengele kinachodhibiti foleni hiyo, kiwashe, na ukiwekee kasi pungufu kidogo ya kasi halisi ya laini, kama asilimia 90. Meshi ya bei kubwa isiyo na kitu hiki haitakusaidia kwa hilo.

## Kwa hali yako

Umepanga chumba kimoja au viwili: sogeza ruta kwanza, upime siku mbili. Kikibaki chumba kimoja sugu, ripita ya bendi mbili, nusu ya njia.

Nyumba ya chini yenye vyumba vingi na kuta nyepesi: meshi ya bendi mbili yenye vituo viwili inatosha kwa kifurushi cha kawaida. Ghorofa au kifurushi kikubwa: bendi tatu.

Kuta za zege kila upande: mawimbi hayabembelezwi. Vuta kebo, hata moja tu, hadi kituo cha mbali kuliko vyote, na vingine viache hewani. Kebo hiyo moja itakupa sehemu kubwa ya faida ya kuvuta zote.

Kazi yako inategemea simu za video: kompyuta ya kazini ichomeke kwa kebo kwenye kituo cha meshi kilicho karibu, hata kama kituo chenyewe hakina kebo ya nyuma. Unaondoa mruko mmoja wa Wi-Fi, na kompyuta haitahamahama katikati ya kikao.

Hujui utakaa muda gani: nunua seti ya meshi yenye matundu ya kebo kwenye kila kituo. Leo itumie hewani, ukihamia penye kebo iunganishe, ukihama tena iko ndani ya begi.

Na kama unajenga au unakarabati, usisubiri rangi ikauke. Pitisha bomba kutoka pale laini itakapoingilia hadi dari ya kila ghorofa, vuta Cat6, na uache uzi ndani ya kila bomba ili kebo ya miaka ijayo ivutwe bila mtu kubomoa ukuta.